Medali ya Fedha: Anza na Ukingo

Ukipata medali ya enzi za Napoléon, usikimbilie sura iliyo usoni. Ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, uizungushe polepole chini ya taa iliyowekwa ubavuni. Monnaie de Paris, kiwanda cha serikali ya Ufaransa cha sarafu na medali, walihifadhi mihuri ya chuma ya zamani wakaendelea kuipigia medali kwa miongo mingi. Mwaka unaousoma usoni ni wa tukio tu. Huenda medali ilipigwa baadaye sana.

Jibu liko ukingoni. Tangu 1832 waligonga hapo alama ndogo: taa ya kale hadi 1841, kisha nanga kwa muda mfupi, omo ya meli 1842 hadi 1845, mkono ulionyoosha kidole hadi 1860, nyuki hadi 1879, na kuanzia 1880 pembe iliyojaa matunda. Kando yake utasoma ARGENT, yaani fedha. Basi medali ya 1805 yenye nyuki ni chapa ya baadaye. Ni halali na inafaa kukusanywa, lakini usiilipie bei ya chapa ya kwanza.

Ukingo mtupu ndio wa kuchunguzwa zaidi, maana wapo wanaofuta alama kwa tupa ili medali ionekane ya chapa ya kwanza. Tafuta mikwaruzo inayofuata upande mmoja, kisha pima kipenyo sehemu nne kwa kalipa, kifaa cha taya mbili cha kupimia upana. Palipopigwa tupa patapungua. Usoni, vipele vidogo vilivyoinuka hutokana na kutu iliyokula muhuri ghalani, dalili nzuri ya chapa ya baadaye. Vishimo vingi pamoja na herufi butu huashiria medali iliyomiminwa kwenye kalibu: hiyo ni bandia.

Halafu pima uzito. Weka bilauri ya maji kwenye mizani, rudisha sifuri, tundika medali kwa uzi izame bila kugusa kitako, na uondoe viputo vyote, kwani vinaharibu hesabu. Ikiwa na gramu 36.4 nje ya maji na mizani ikasoma 3.5, gawanya: 10.4, ndiyo fedha ya 950, yaani sehemu 950 za fedha kati ya 1000. Ukipata karibu 8.9, ni shaba iliyopakwa fedha.

Usiing'arishe kamwe, weusi ule ni ngozi yake. Epuka pia mifuko laini ya plastiki ya PVC, huacha utelezi wa kijani. Ukishaingia, loweka medali kwenye asetoni safi, dirisha likiwa wazi, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta.