Kabla ya kuchora x na y, tafuta mchapuko unaelekea wapi

Wengi wetu tukikutana na swali la mekanika, mkono huchora msalaba kabla jicho halijamaliza kusoma: x kulia, y juu. Si kosa. Ila mara nyingi unajitwisha nusu ukurasa wa hesabu pale ambapo mstari mmoja ungetosha. Mihimili unaichora wewe, basi ichore ikufae.

Hatua ya 1. Chora kani zote kwanza, bila mhimili wowote. Uzito utaelekea chini hata ukigeuza daftari.

Hatua ya 2. Jiulize mchapuko, yaani kubadilika kwa kasi, unaelekea wapi, kisha laza mhimili mmoja huko. Hapa ndipo penye kazi yote.

Chukua bloku inayoteleza kwenye ubao usio na msuguano, ulioinama nyuzi 30. Mchapuko unafuata ubao, basi x ifuate ubao. Kani ya ubao, N, inasukuma bloku kwa pembe mraba na ubao, haina sehemu yoyote upande huo, kwa hiyo mchapuko a = g sin 30° = 4.9 m/s² (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.8 m/s²). Umemaliza. Ukishikilia x ya ulalo na y ya wima, utakuwa na N sin θ = ma_x, na N cos θ − mg = ma_y (m ni tungamo la bloku, θ ni mwinamo wa ubao), tena uongeze sharti kwamba bloku haiachani na ubao: a_y = −a_x tan θ. Utapata a_x = 4.24 na a_y = −2.45, ukiziunganisha kwa Pythagoras, ni 4.9 ile ile.

Sasa gari linalokata kona kwenye barabara iliyoinama. Mteremko tena, na wengi huinamisha mihimili kwa mazoea. Usifanye hivyo! Gari haliteremki, linazunguka duara lililolala, na mchapuko wake unaelekea kitovuni, kwa ulalo. Bila msuguano, N cos θ = mg na N sin θ = mv²/r, hivyo tan θ = v²/(rg). Kwa kasi v ya 20 m/s na nusu kipenyo r cha mita 100, pembe ni kama nyuzi 22. Anayeandika N = mg cos θ hapa amenakili swali la bloku.

Hatua ya 3. Chagua sifuri na upande wa chanya, uviandike kwenye mchoro. Usiviweke kichwani.

Hatua ya 4. Kitu kikizunguka nukta moja, tumia umbali r na pembe θ, yaani koordineti za pola.

Maswali

*Mwalimu, nikichukua chini kuwa chanya, jibu halibadiliki?*

Halibadiliki. Mpira umerushwa juu kwa 15 m/s kutoka paa la mita 20. Juu ikiwa chanya: −20 = 15t − 4.9t². Chini ikiwa chanya: 20 = −15t + 4.9t². Zote zinatoa sekunde 4.07. Kinachoharibu ni kuchanganya: g chanya, kasi ya kwenda juu nayo chanya.

*Bloku mbili zimefungwa kamba inayopita kwenye kapi. Mhimili mmoja au miwili?*

Kila bloku na wake, mradi chanya ifuate kamba: moja ikipanda, nyingine ishuke. Hapo a ni ile ile kwa zote mbili, iwapo kamba hairefuki.

*Kwenye duara r haibadiliki, nikaandika mchapuko wa upande wa r ni sifuri. Nimekosea wapi?*

Umeichukulia pola kama x na y. Mhimili wa r unageuka pamoja na kitu, na kugeuka huko kuna gharama yake: mchapuko wa upande huo ni kiwango cha kubadilika kwa kasi ya r, ukitoa rω², ambapo ω ni kasi ya kubadilika kwa pembe θ. Kwako sehemu ya kwanza ni sifuri, inabaki −rω². Alama ya kutoa inasema unaelekea kitovuni.

*Na nikifunga mihimili ndani ya basi linalopiga breki?*

Hilo ni jambo jingine kabisa. Kuinamisha mihimili hakugusi sheria za Newton, kuichapukisha kunazigusa. Itabidi uongeze kani ya kubuni, −ma, ambapo a ni mchapuko wa basi. Kama ndiyo kwanza unaanza, baki barabarani.