Anayebaki na mbwa aanze kumlisha ukiwepo

Kama unasafiri na mbwa anabaki Dodoma na kijana wa jirani, usisubiri siku ya safari ndipo umkabidhi funguo. Jioni kadhaa kabla, yeye ndiye amwekee ugali na dagaa, yeye afungue banda, wewe simama pembeni kimya. Mbwa hushika harufu na sauti ya anayemlisha, na akikuona umetulia, naye hutulia. Maji yawe kwenye sufuria nzito, kivulini. Upepo wa huku hupindua vikopo vya plastiki, na kiu ya mchana kutwa ni hatari kweli. Kwa mbwa mkali anayefunguliwa usiku tu, au aliyetoka kuzaa, njia hii haifai: mwachie mtu anayemjua tayari. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iache mezani.