Somo: Namna ya kuutambua mkono wa mbuni wa wahusika wa anime

Tukitazama anime, yaani katuni za Kijapani, wengi wetu husifia nywele na mavazi, tukiamini hapo ndipo mbuni wa wahusika alipojimwaga. Mimi uhuru wake nautafuta kwenye mistari aliyoamua kuiacha. Mhusika wake atachorwa na watu wengine, tena maelfu ya mara, hivyo kila mkunjo anaouongeza ni mzigo anaowatwisha. Chukua penseli tuanze.

Hatua ya 1: Jua mhusika ametoka wapi. Neon Genesis Evangelion (1995) haikutoholewa kutoka manga (vitabu vya katuni vya Kijapani), kwa hiyo Yoshiyuki Sadamoto aliwabuni wahusika wake upya. Kazuko Tadano, kwenye Sailor Moon ya 1992, alipokea wasichana waliokwisha kuchorwa na Naoko Takeuchi, mtunzi wa manga yake, kwa mistari myembamba mno, akalazimika kuwafanya wachoreke kila wiki. Kazi hiyo ya pili watu huidharau, nami sikubaliani nao hata kidogo.

Hatua ya 2: Tafuta settei. Ni karatasi inayomwonyesha mhusika mbele, ubavuni na nyuma, pamoja na sura zake za furaha na hasira. Vitabu vingi vya sanaa za anime huzichapisha.

Hatua ya 3: Hesabu mistari. Hapa usiwe na haraka. Linganisha Goku, shujaa wa Dragon Ball Z, hasa sehemu za mwisho, na Goku wa filamu ya Dragon Ball Super: Broly (2018). Yule wa zamani ana misuli yenye pembe kali na vivuli vingi. Naohiro Shintani, mbuni wa wahusika wa filamu hiyo, alimlainisha, akampunguzia mistari na mng'ao wa ngozi. Sasa rudi kwenye mapigano ya filamu hiyo uone faida yake: mwili unapinda, unavutika, unageuka pande zote bila kukakamaa. Sekunde moja ya anime mara nyingi hutumia michoro 8 au 12, hivyo mstari mmoja ukiondolewa mkononi, wachoraji wanapumua filamu nzima. Kwangu mimi huo ni ubunifu mkubwa kuliko kumrundikia mhusika mapambo.

Hatua ya 4: Tazama vivuli. Sadamoto huyohuyo alibuni wahusika wa Summer Wars (2009) ya Mamoru Hosoda, na humo miili kwa kiasi kikubwa haina vivuli. Mbuni ni yuleyule, ila mwongozaji anataka kingine.

Hatua ya 5: Chora wako. Mchore pande tatu, kisha ondoa mstari mmoja mmoja. Rafiki yako akishindwa kumtambua, rudisha ule wa mwisho.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kama mbuni ni mmoja, mbona sura za wahusika hubadilika sehemu hadi sehemu?*
Kila sehemu huwa na msimamizi wa uchoraji anayesahihisha michoro ya wenzake, na mkono wake haujifichi. Wapo wanaoiona ni kasoro. Mimi hufurahi nikimtambua msimamizi kabla majina hayajapita.

*Kaka, mimi napenda nakshi nyingi. Ina maana niache?*
Usiache, dada. Yoshitaka Amano alizichorea riwaya za Vampire Hunter D picha zenye mistari kama nyuzi za hariri. Filamu ya Vampire Hunter D: Bloodlust (2000) ilipotengenezwa, Yutaka Minowa ndiye aliyezigeuza kuwa wahusika wanaoweza kutembea. Unaweza kuwa mchoraji wa wazo la awali, mwenzako akashika kazi ya kuligeuza liweze kutembea. Ila jaribu zote mbili kwanza.

*Nachorea kwenye simu, inafaa?*
Inafaa kabisa. Usikuze tu picha wakati wa kuchora mwili mzima, maana ukikuza utashawishika kuongeza vitu ambavyo mtazamaji hataviona.