Umestaafu na hujui bao? Anza na bao la kujifunza

Lamu hupokea wazee wake kila mara: huyu kamaliza kazi Mombasa, yule Nairobi, mwengine Uarabuni. Siku za kwanza ni salamu na kualikwa. Zikisha hizo, saa za baina ya adhuhuri na magharibi huwa ndefu, na mtu hujikuta amesimama pale Mkunguni, mbele ya Ngome, akiwatazama wachezaji wa bao. Mikono inakwenda mbio, kete zinalia mbaoni, mmoja anasema amelala na watazamaji wanaguna, naye haelewi nani kala na nani kaliwa. Wengi hurudi nyumbani wakisema umri umewapita. Haujawapita. Walianzia pagumu tu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa mtaa wa Langoni, na huwafundisha wenzangu bao kwenye daka, ukumbi wa mlangoni mwa nyumba yetu. Wengi wao ni wanawake wa rika langu ambao barazani hawakai, wakadhani kwa hiyo bao si lao. Mimi nilifunzwa na ami yangu, ndani ya nyumba, na ninavyofundisha ni vile alivyonifunza yeye.

Tafuta kwanza bao lenye mashimo mapana. Mabao madogo yaliyochongwa kwa wageni yanapendeza rafuni, lakini vidole vyenye baridi yabisi haviingii mle. Bao kamili lina mashimo 32, safu nne za manane manane, na kete 64. Kete zenyewe ni komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu, zenye kuteleza. Huna bao? Chimba mashimo mchangani kama watoto wanavyofanya, uokote vijiwe. Usingoje mpaka upate bao zuri ndipo uanze. Safu mbili zilizo upande wako ni zako, na mbili za upande wa pili ni za mwenzio. Kete zako hazivuki kwenda kwake: zinazunguka kwako tu, mbele na nyuma.

Halafu tafuta mwenzio asiyejua kama wewe. Hili nalisisitiza. Fundi atakuonea huruma, akuchezee mikono yote miwili, nawe usijifunze kitu. Wasiojua wawili wakikaa pamoja, kila mmoja hulazimika kufikiri.

Bao la kujifunza hupangwa hivi: kete mbili katika kila shimo, yote 32. Basi. Hakuna kete za kuongeza mkononi, wala lile shimo maalumu liitwalo nyumba; hayo yatakuja baadaye. Anayeanza huchagua shimo lake lolote lenye kete mbili au zaidi, huzichota zote, akazitia moja moja katika mashimo yanayofuata, kulia au kushoto apendavyo. Kinachoamua ni kete ya mwisho. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzio. Ikiangukia shimo lenye kete katika safu yako ya mbele, na shimo la mwenzio linalolikabili lina kete pia, unakula zile za mwenzio. Ikiwa linalolikabili ni tupu, au umeangukia safu yako ya nyuma penye kete, unachota zote zilizomo humo na kuendelea upande ule ule. Shimo la safu yake ya nyuma haliliwi.

Kete ulizokula hazitiwi pale ulipokula. Zinaanzia kichwani, yaani shimo la mwanzo la safu yako ya mbele, la kushoto au la kulia. Ukila katika mashimo mawili ya ukingoni, kushoto au kulia, unaanza na kichwa kilicho karibu. Ukila katika manne ya katikati, unaanza na kichwa kitakachokuwezesha kuendelea na mwelekeo uliokuwa nao.

Sasa panga bao, usome huku mkono ukifanya. Chota kete mbili za shimo la tatu kutoka kushoto kwako, safu ya mbele, utie kuelekea kulia. Shimo la nne linakuwa na tatu, na la tano tatu. Umeishia la tano, palikuwa na kete, na mbele yake mwenzio anazo mbili. Kula. Unakwenda kulia, kwa hiyo anza na kichwa cha kushoto: la kwanza tatu, la pili tatu. Umeishia la pili, na linalolikabili lina mbili. Kula tena, anza hapo hapo kichwani: la kwanza nne, la pili nne. Mara hii linalolikabili la pili ni tupu, maana umeshalila. Basi chota hizo nne za la pili, utie la tatu, la nne, la tano, la sita. La sita lilikuwa na kete, na mbele yake zipo mbili. Kula. Kichwani tena: la kwanza tano, la pili, ambalo umelichota sasa hivi, linapata moja. Lilikuwa tupu. Umelala.

Kwa mkono mmoja, yaani zamu moja, umekula kete sita. Zihesabu: upande wako 38, kwake 26. Kama hesabu haikutoka hivyo, rudisha kete, ufanye upya polepole. Mimi simruhusu mtu kuendelea mpaka mkono huu umtoke bila kusita, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu: kula, kuanza kichwani, kuendelea, kulala. Hapo ndipo nyuso huchangamka. Nimeona mwanamke aliyeingia akisema amekuja kunywa kahawa tu akaupanga mkono huo mara kwa mara, peke yake, huku wenzake wakimwita akale kashata.

Usihesabu kwa kidole. Ami yangu alikuwa akikiona kidole changu juu ya kete, huliziba shimo kwa kiganja na kusema, "Mwanangu, tazama, usihesabu." Alikuwa na sababu. Mbili, tatu, nne, jicho huzitambua bila kuhesabu, na jicho likizoea, akili hubaki huru kuuliza swali moja la maana: kete ya mwisho itaangukia wapi? Kwa macho yetu ya uzeeni, kaa penye mwanga unaotoka ubavuni, vivuli vya mikono visifunike mashimo, na vaa miwani ya kusomea bila haya. Na kama magoti hayakunji, weka bao juu ya kiti baina yenu, kila mtu akae kwenye kiti chake. Si lazima jamvini.

Unashinda pale safu ya mbele ya mwenzio inapobaki tupu, au anapokuwa hana shimo hata moja lenye kete mbili za kuchota.

Mkishazoea, ingieni bao lenyewe, bao la Kiswahili. Kila mmoja anaanza na kete kumi tu mbaoni. Sita zinakaa nyumbani, shimo la nne kutoka kulia kwako katika safu ya mbele, ambalo mara nyingi huchongwa mraba. Mashimo mawili yanayofuata kulia kwake hupata mbili mbili. Kete 22 zilizobaki unaziweka kando, na kila zamu unaongeza moja katika shimo la mbele lenye kete. Huku ndiko kunamua. Kama shimo la mwenzio linalolikabili lina kete, unakula, na ukiweza kula huna hiari, ni lazima ule. Usipoweza unatakasa: unatia kete, unachota shimo hilo na kuzungusha, ila katika zamu hiyo huli kabisa, hata ukipita penye tamu. Mwenye zamu ya kwanza hutakasa, kwani mashimo yake yenye kete yanakabili matupu. Zile 22 zikisha, mnaendelea kwa kuchota mbaoni, kama mlivyozoea katika bao la kujifunza.

Nyumba ndiyo inayowatesa wanafunzi wangu. Ukiwa unakula, kete yako ya mwisho ikiangukia nyumbani na hapana cha kula, una hiari: ulale hapo, au uichote nyumba yote usafiri nayo. Kete nyingi zinatamanisha. Shauri langu kwa anayeanza ni kulala. Nyumba ikishasafiri inakuwa shimo kama mashimo mengine, na hiari ile hairudi. Lakini usiilinde mpaka ikaliwa, maana fundi huiandama tangu kete ya kwanza. Ukiona mkono wake unakuja juu yake na huna la kuzuia, safiri.

Yako mambo mengine, kama kutakasia na masharti ya kuichota nyumba unapotakasa. Hayo yaacheni mpaka mgombane juu yake mchezoni, kisha mwulizeni mzee mmoja anayejua, mshike jawabu lake.

Ukifika hapo, nenda Mkunguni baada ya sala ya alasiri. Toa salamu, agiza kahawa, kaa nyuma ya mchezaji mmoja na umfuate yeye tu. Ukitazama pande zote mbili utachanganyikiwa. Usiseme "kula pale" hata kama unaona. Jaribu kutabiri atakapolala, kimoyomoyo, kabla mkono haujafika. Wakati wa Maulidi, na katika tamasha la utamaduni la Lamu, kuna mashindano ya bao, na mafundi hukutana hadharani: nenda mapema upate pa kukaa karibu na mbao. Na sisi tusiokaa barazani, milango ya nyumba zetu iko wazi. Leta komwe zako.