Fidla ya kwanza: kuichagua na kuitunza Mombasa

Anza kwa kupima mkono ulionyooshwa, kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Sentimita 58 na zaidi, chukua fidla kamili, 4/4. Kama 56, chukua 3/4. Kumnunulia mtoto fidla kubwa ili aje aienee ni kumtesa bega.

Dukani, chungulia ndani kupitia tundu la usoni mwa fidla. Kijiti cha ndani kisimame wima, nyuma kidogo ya mguu wa daraja (kibao kinachobeba nyuzi) upande wa uzi mwembamba. Gonga kingo taratibu kwa kifundo cha kidole: ikitatarika, gundi imeachia.

Gundi hiyo ndiyo inayoteseka zaidi pwani. Joto la gari lililoegeshwa juani huilainisha, na unyevu humalizia. Hewa ya chumvi nayo hutia nyuzi kutu, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, kisha legeza upinde.

Masika vigingi vya kukazia nyuzi huvimba na kukwama. Usivilazimishe, vipake sabuni kavu. Vikiteleza, vipake chaki.

Nyuzi badilisha mmoja mmoja. Ukizitoa zote kijiti cha ndani kinaweza kuanguka, na kukisimamisha ni kazi ya fundi.