Jicho likiuma ghafla mpaka unatapika, usizime taa ulale

Ukiwa ugenini, maumivu makali ya jicho yakikuanza jioni, kliniki zimeshafungwa, ni rahisi kumeza dawa ya maumivu, kuzima taa na kujilaza. Kwa ugonjwa huu, giza lenyewe linazidisha tatizo.

Nazungumzia shambulio la ghafla la glakoma, presha ya macho. Jicho hutengeneza majimaji muda wote, nayo hutoka kwa njia nyembamba iliyo pembezoni mwa mboni. Wapo watu ambao njia hiyo huziba ghafla. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki; hapa inaweza kuvuka 40, na neva ya kuonea ikaharibika isipone tena ndani ya saa chache. Gizani mboni hutanuka, ndipo njia inapobanwa. Baadhi ya dawa za kuzibua pua na za mzio hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo soma karatasi ya tahadhari iliyomo ndani ya pakiti. Walio hatarini zaidi ni waliopita miaka 40, wanawake, wanaoona karibu kwa shida tangu ujana, na wenye ndugu aliyeugua.

Mara nyingi ni jicho moja: jekundu, linaona ukungu, na taa zinazungukwa na duara za rangi kama upinde wa mvua. Ukilimulika kwa tochi, mboni haisinyai. Kichwa kinagonga upande huohuo, kisha unatapika. Kutapika ndiko kunakopotosha watu; utaulizwa ulikula nini, au utaambiwa ni kipandauso. Ukifika mapokezi, anza na jicho: “Jicho linauma sana na sioni vizuri.” Tumbo litaje baadaye. Kiingereza kikikupotea kwa maumivu, omba mkalimani. Uingereza na Marekani hospitali nyingi zinaye kwa simu, bila malipo.

Usiendeshe gari. Piga 112 Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada. Usitumie matone ya mtu mwingine. (Kemikali ikikuingia jichoni ni habari nyingine: osha kwa maji mengi hapohapo, dakika 20, kabla ya kwenda popote.)

Hospitalini watashusha presha kwa matone na asetazolamidi (dawa inayopunguza majimaji ambayo jicho hutengeneza), kisha watatoboa tundu dogo kwa leza ili majimaji yapite. Watapendekeza walitoboe na jicho lililo zima. Kubali, maana nalo lina umbile lilelile. Waambie na ndugu zako wa tumbo moja wakapimwe.