Tafuna kimea kabla hujapika mbege

Mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, niliyopika mara ya kwanza baada ya kuolewa Kibosho, Kilimanjaro, haikunyweka. Mama mkwe hakunigombeza. Alichota kimea, yaani ulezi ulioota ukakaushwa, akakiweka kiganjani, akatafuna, akatema: "Huu ulezi haukuota mwanangu, umelowa tu." Nilikuwa nimekinunua sokoni. Siku hizi naotesha mwenyewe.

Chukua sado moja ya ulezi, osha, loweka tangu jioni hadi jioni ya pili ukibadilisha maji. Chuja, mwaga juu ya gunia bichi, funika kwa majani ya mgomba, nyunyizia asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili tatu vijizizi vyeupe vitashikana kama mkeka. Anika juani, pukuchua vijizizi, saga. Ukinusa ukungu, mwaga wote, hata kuku usiwape.

Punje kavu iliyoota vizuri hukatika kirahisi na kuacha utamu. Ukiwa bado na shaka, songa uji wa ulezi wa kawaida, mzito hadi mwiko usimame. Epua, ngoja upoe hadi kidole kivumilie, kisha koroga vijiko viwili vya unga wa kimea. Kikiwa kizuri, baada ya dakika 10 hivi mwiko unalala wenyewe na uji unateleza. Usikitie kwenye uji unaochemka. Moto unaua nguvu yake.

Hapo ndipo unaweza kuanza kubuni. Mimi napima kwa kikombe cha chai: vikombe 10 vya kimea cha ulezi mtupu ndio msingi. Nikitoa 3 nikaweka kimea cha mtama mwekundu, rangi inapendeza ila ukakasi unaganda ulimini. Mtama mweupe ni mpole zaidi. Mtama ulioota upukuchue sana, maana machipukizi yake yana sumu. Mahindi yaliyoota yana nguvu kidogo, hayawezi kubeba pombe peke yake.

Ninachokipenda zaidi ni kukaanga kikombe 1 kati ya 10 hadi kinukie kama kahawa. Usizidishe, kwa sababu kilichokaangwa hakilainishi tena uji, kinatoa rangi na harufu tu.

Ndizi na msesewa, lile gome chungu la mti, viache kama ulivyozoea, la sivyo hutajua kilichobadilisha ladha ni kipi. Andika kila mtungi kwenye daftari. Langu lina madoa, lakini ukurasa wa kikombe cha kukaanga nimeukunja pembe: ndio mtungi pekee ambao mama mkwe aliuliza kama umebaki.